Maswali ya Wasomaji: Darubini ya Kutazamia Ndege

Barua za safari hii zote zimeangukia jambo moja, nalo ni ununuzi wa darubini ya kutazamia ndege. Ninaposema darubini ninakusudia ile ya macho mawili, ambayo wengine huiita binokula, na ile ndefu ya jicho moja inayosimamishwa juu ya stendi ya miguu mitatu tutaiacha kwa siku nyingine. Nimeyajibu maswali kwa urefu usiolingana, kwa sababu hayakuja na uzito mmoja.

*Ndugu Mhariri, nimeanza kutazama ndege mwaka huu na ninataka kununua darubini yangu ya kwanza. Muuzaji ameniwekea mezani mbili zenye bei zinazokaribiana: moja imeandikwa 8x42 na nyingine 12x50. Anashikilia kwamba ya pili ni bora kwa kuwa ina nguvu zaidi. Nambari hizi zina maana gani, na je, muuzaji huyu asema kweli? — Mgeni katika Fani*

Ndugu yangu, nambari ya kwanza ni ukuzaji na ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Darubini ya 8x42 humwonyesha ndege aliye umbali wa mita 80 kana kwamba ametua mita 10 kutoka ulipo, na lenzi zake za mbele, yaani zile zinazomwelekea ndege, zina upana wa milimita 42 kila moja. Hadi hapo muuzaji wako hajakosea, kwa maana 12 ni zaidi ya 8. Alilolinyamazia, au pengine asilolijua, ni kwamba darubini haimkuzi ndege peke yake. Hukuza pia mtetemo wa mikono yako, mapigo ya moyo wako ukiwa umetoka kupanda mlima, na mawimbi ya joto yanayopanda kutoka ardhini saa za mchana. Watu wengi huweza kuituliza darubini ya 8 kwa mikono mitupu. Ya 10 huwashinda baadhi. Ya 12 huwashinda walio wengi, na picha inayochezacheza haionyeshi manyoya wala mdomo hata ikiwa kubwa kiasi gani.

Hasara ya pili mgeni huigundua akiwa ameshafika porini na fedha zimeshatoka. Kadiri ukuzaji unavyopanda, ndivyo eneo linaloonekana linavyobana. Watengenezaji hulitaja eneo hilo kwa upana wake katika umbali wa mita 1,000: darubini nzuri ya 8x42 kwa kawaida huonyesha mita 125 hadi 145, na ya 12x50 mara nyingi haifiki 100. Ishushe hesabu hiyo hadi mita 20, umbali ambao ndege wadogo wengi hutazamwa, nawe utapata upana wa mita mbili na nusu au zaidi kidogo kwa ile ya kwanza, na chini ya mita mbili kwa ile ya pili. Kwenye karatasi tofauti hiyo ni ndogo. Kwenye mti wenye majani mazito, huo ndio upana unaoamua kama utamwona ndege au utayaona majani.

Ninayasema haya kwa kuwa yamenifika. Darubini yangu ya kwanza ilikuwa ya zumu, ile inayobadilisha ukuzaji kutoka 10 hadi 30 kwa kusukuma kijiti kidogo kando ya lenzi, na aliyeniuzia aliniapia kwamba ninapata darubini tatu kwa bei ya moja. Asubuhi moja ndege mdogo wa kijani alitua kwenye tawi la mti uliokuwa mbele yetu, nami nikamwona vizuri kwa macho matupu. Nikainua darubini: majani. Nikaisogeza kushoto: majani mengine, makubwa, yamefifia, yanatikisika kama yaliyopigwa na upepo ilhali upepo haukuwapo. Nilipoishusha ili nimtafute upya, mwenzangu aliyekuwa na darubini kuukuu ya 8 alikuwa amekwisha kuiona pete nyeupe iliyozunguka jicho la ndege yule, amekwisha kumwona akimnyofoa kiwavi chini ya jani, na ndege mwenyewe alikuwa amekwisha kwenda zake. Darubini za zumu hubana eneo la kuona hasa katika ukuzaji mdogo, mahali ambapo ungeuhitaji upana, na lenzi zinazotembea ndani ya mirija miwili ni vigumu kubaki zikilingana kwa muda mrefu. Kwa ndege sizipendekezi hata kwa bei ya bure.

Lipo pia suala la mwanga, na hapa hesabu ni nyepesi. Gawanya nambari ya pili kwa ya kwanza, utapata upana wa mwali unaotoka kwenye darubini na kuingia jichoni: 42 kwa 8 ni milimita 5.25, na 50 kwa 12 ni kama milimita 4.2. Kwenye jua kali mboni ya jicho husinyaa hadi milimita 2 au 3, kwa hiyo darubini zote mbili hutoa mwanga wa kutosha na kusaza. Alfajiri na jioni, saa ambazo ndege wengi huchangamka, mboni hupanuka hadi milimita 5 au zaidi, ingawa upanuzi huo hupungua kadiri umri unavyosogea, na hapo ndipo 8x42 huipita 12x50 kwa mwangaza licha ya kuwa na lenzi ndogo. Mwali mpana una faida nyingine ambayo haiandikwi kwenye boksi: jicho hupata nafasi ya kusogea kidogo bila picha kumezwa na kivuli cheusi, jambo ambalo utalishukuru siku utakapotazama ukiwa ndani ya mtumbwi.

Sisemi kwamba kila ukuzaji zaidi ya 8 ni kosa. Anayetazama ndege wa ufukweni walio mbali kwenye tope, au mwewe wanaozunguka juu mahali peupe, na ambaye mikono yake ni thabiti, huenda akaifurahia 10x42. Kwa darubini ya kwanza, hata hivyo, chukua 8x42, na ukiona uzito wake, ambao kwa kawaida ni gramu 600 hadi 850, unakuelemea shingoni, chukua 8x32 ambayo ni nyepesi na mara nyingi ina eneo pana vilevile. Ukishaipata, jizoeze jambo moja: ukimwona ndege, usimwondolee macho hata kidogo, mkazie macho, kisha iinue darubini hadi ikae kati ya macho yako na yeye. Wageni wengi huinamisha kichwa kuitafuta darubini kifuani, na wakiinua uso ndege hayupo.

*Mhariri, ninavaa miwani tangu utotoni. Kila ninapoazima darubini ya mtu ninaona duara dogo tu katikati, pembeni kote giza, kana kwamba ninachungulia kwenye tundu la ufunguo. Je, nivue miwani, au darubini si ya watu kama mimi? — Mwenye Miwani*

Darubini ni yako kama ilivyo ya wengine, ila ulizoazima hazikutengenezwa kwa kukufikiria wewe. Kila darubini hutaka jicho likae umbali fulani nyuma ya lenzi ya jicho, yaani ile ya darubini unayochungulia, ndipo lipate picha nzima, na umbali huo hutajwa kwa milimita katika maelezo ya mtengenezaji. Miwani hulisukuma jicho nyuma. Kama darubini imepangiwa milimita 10 tu, jicho lako halifiki panapotakiwa, na matokeo yake ndilo hilo tundu la ufunguo. Tafuta yenye milimita 15 au zaidi. Mwenye miwani minene, au ambayo huikalisha mbali na uso, atastarehe zaidi kwenye 17 au 18. Hata hivyo usiiamini nambari peke yake, kwa sababu hupimwa kutoka kwenye uso wa kioo, na katika darubini nyingine kioo hicho kimezama ndani ya fremu, kwa hiyo milimita mbili tatu zimeshaliwa kabla hujaanza kutazama.

Pete za mpira zinazozunguka lenzi za jicho zina kazi yake hapa. Asiyevaa miwani huzizungusha ziinuke. Wewe zishushe kabisa hadi ziguse miwani. Inawezekana kwamba darubini mojawapo kati ya ulizoazima ingekufaa na tatizo lilikuwa pete tu, maana wenye nazo aghalabu huziacha zimeinuka na mwazimaji hajui kwamba zinashuka.

Kuhusu kuvua miwani: kama tatizo lako ni kutoona mbali au kutoona karibu pekee, darubini yenyewe inaweza kulifidia kwa gurudumu la fokasi, lile la katikati linalokoleza picha. Kama jicho lako lina mkunjo usio sawa, ule ambao madaktari wa macho huuita astigmatizimu, darubini haitaurekebisha na picha itabaki na ukungu. Hata kwa yule wa kwanza mimi hushauri abaki na miwani, kwani ni nani atakayemngoja mbayuwayu huku akitafuta mfuko wa kutia miwani?

Usisahau kuioanisha darubini na macho yako, kazi ya dakika moja ambayo watu hukaa nayo miaka bila kuifanya. Ikunje au ipanue hadi maduara mawili yawe moja. Kisha ziba lenzi ya mbele ya kulia, tazama maandishi yaliyo mbali kwa jicho la kushoto, na zungusha gurudumu la katikati hadi yakolee. Baada ya hapo ziba ya kushoto, tazama maandishi yaleyale kwa jicho la kulia, na safari hii uliache gurudumu na uzungushe pete ya marekebisho, ambayo kwa kawaida ipo kwenye lenzi ya jicho ya kulia. Kumbuka alama ilipoishia, na tangu hapo utatumia gurudumu la katikati tu.

*Ndugu Mhariri, nimeona darubini mbili, zote 8x42, moja ikiuzwa kwa bei ya mara kumi ya nyingine. Kama nambari ni zilezile, ninalipia nini: darubini au jina? — Mwenye Shaka*

Jina unalilipia, sikatai, lakini sehemu kubwa ya tofauti hiyo imefichwa ndani ya mirija usipoiona. Lenzi peke yake humpindua ndege kichwa chini na miguu juu, na ili kumsimamisha sawasawa hutumiwa prizimu, yaani vipande vya kioo vilivyochongwa ili mwanga ugonge na kugeuka ndani yake. Mwitaliano Ignazio Porro alipata hataza ya mpangilio mmoja wa prizimu hizo mwaka 1854, na kampuni ya Zeiss ya Ujerumani ikaanza kuuza darubini zenye mpangilio huo mwaka 1894. Hizo ndizo darubini zenye mabega, ambazo lenzi za mbele zimetanuka kuliko za jicho. Nyingine, zenye mirija iliyonyooka, hutumia prizimu zenye umbo la paa, na ndizo zilizoenea sasa kwa kuwa ni nyembamba na hukaa vizuri mkononi.

Hizi za mirija iliyonyooka zina gharama iliyojificha. Paa la prizimu huugawa mwanga mara mbili na kuuunganisha tena, na usiposawazishwa kwa tabaka maalumu, nusu hizo hukutana zikiwa zimepishana na picha hupoteza ukali. Zeiss ndiyo iliyoanza kuuza darubini zenye tabaka hilo mwaka 1988. Zaidi ya hayo, katika mpangilio unaotumiwa sana upo uso mmoja wa prizimu unaohitaji kupakwa kioo cha kurudisha mwanga. Wanaobana gharama hupaka alumini, wanaojitahidi hupaka fedha, na darubini za juu hupewa tabaka nyembamba nyingi zinazorudisha zaidi ya asilimia 99 ya mwanga. Darubini ya bei ya chini yenye mirija iliyonyooka huenda imenyimwa yote mawili. Kwa hiyo mwenye fedha kidogo hupata picha bora zaidi kwa kununua yenye mabega, ambayo haihitaji urembo huo, mradi akubali kwamba ni pana na kwamba nyingi haziwezi kuzuia maji, kwa sababu lenzi za jicho hutoka nje na kuingia ndani fokasi inapozungushwa na hivyo huvuta hewa yenye unyevu.

Kisha kuna nyuso za lenzi. Kioo kitupu hurudisha nyuma takriban asilimia 4 ya mwanga katika kila uso, na mwanga ukipita nyuso 12 zisizopakwa kitu, karibu asilimia 39 yake hupotea njiani. Alexander Smakula, akiwa mwanafizikia wa Zeiss, alibuni mwaka 1935 tabaka la kupunguza hasara hiyo, na siku hizi darubini inayojiheshimu hupakwa tabaka kadhaa katika kila uso unaokutana na hewa. Soma maelezo kwa makini: kusema kwamba lenzi zimepakwa ni jambo moja, na kusema kwamba nyuso zote zimepakwa tabaka nyingi ni jingine. Lenzi zenye rangi nyekundu ya kung'aa kama kito ziache dukani. Tabaka lile hulirudisha nyuma pande jekundu la mwanga, na ndege unayemtambua kwa rangi utamwona katika rangi isiyo yake.

Kuhusu mara kumi ya bei, maoni yangu ni kwamba hatua ya kutoka chini hadi katikati huonekana kwa jicho la mtu yeyote, na hatua ya kutoka katikati hadi juu huonekana alfajiri, kwenye mvua, na kwenye kingo za picha. Anayetazama mara moja kwa mwezi anunue ya katikati na alale usingizi. Jambo moja tu asilitolee sadaka ni kufungwa kwa mirija na kujazwa nitrojeni au agoni, gesi kavu zinazozuia ukungu kujitengeneza ndani darubini inapotoka kwenye baridi na kuingia kwenye joto.

*Mhariri, rafiki anataka kuniuzia darubini iliyokwisha kutumika. Nitajuaje kama ni nzima? — Mnunuzi Mwangalifu*

Toka nayo nje, kwa sababu chini ya taa za ndani kila darubini ni nzuri. Itazame kwanza bila kutazama kupitia kwayo: itikise karibu na sikio usikilize kama kuna kitu kinachogonga, kisha mulika tochi kupitia lenzi za mbele na uchungulie ndani. Chembe chache za vumbi hazina neno. Nyuzi nyembamba zinazotawanyika kama utando wa buibui ni kuvu, na kuvu ikishakula tabaka la lenzi haitoki kwa kufutwa.

Ishike kwa urefu wa mkono ukiielekeza kwenye ukuta mweupe wenye mwanga. Ndani ya lenzi za jicho utaona viduara viwili vya nuru, ambavyo vinapaswa kuwa mviringo kamili. Vikikatwa pembeni vikakaribia kuwa na umbo la mraba, prizimu ni za kioo hafifu au ni ndogo kuliko inavyotakiwa.

Jaribio kubwa ni la ulinganifu. Elekeza darubini kwenye mstari mlalo ulio mbali, kama ukingo wa paa, kisha huku ukiendelea kuutazama iondoe machoni polepole hadi sentimita 10 au 15. Mstari katika duara la kushoto na katika duara la kulia ubaki kwenye kimo kimoja. Mmoja ukipanda na mwingine ukishuka, darubini hiyo iliwahi kuanguka, hata kama mwenyewe haukumbuki mwanguko huo. Usidanganywe na ukweli kwamba ukiiweka machoni picha inaonekana moja: misuli ya macho hujitahidi kuziunganisha, na malipo yake huja baada ya nusu saa, kwa maumivu ya kichwa. Kuirekebisha ni kazi ya fundi mwenye vifaa, na gharama yake huweza kuzidi bei anayoitaka rafiki yako.

Malizia kwa gurudumu la fokasi. Liwe laini, lisilo na mahali linapokwama, na likuwezeshe kutazama kitu kilicho karibu, tuseme mita 2 au 3 kutoka miguuni pako, maana ndege hawakai mbali kwa adabu.

*Shikamoo Mhariri? Mwanangu ana miaka saba na hunipokonya darubini yangu kila mara. Nimnunulie ya kuchezea? — Mama wa Mtazamaji*

Marahaba, mama. Ya kuchezea itamfanya aamini kwamba darubini ni kitu cha kuonyesha ukungu. Mtafutie nyepesi ya kweli yenye ukuzaji wa 6, kama 6x30, na kabla ya kulipa hakikisha inakunjika hadi ilingane na macho yake, kwa sababu macho ya mtoto yako karibu na nyingi za watu wazima hazifiki huko. Mkataze kabisa kuielekeza kwenye jua. Kuliangalia jua kupitia darubini, hata kwa kitambo kidogo, huweza kuunguza jicho milele.

*Mwanangu Mhariri, nina miaka zaidi ya sabini, mikono yangu hutetemeka na shingo huniuma. Vijana wananiambia nipumzike. — Mzee Asiyependa Kupumzika*

Shikamoo mzee wangu, na vijana hao uwasamehe. Anza na shingo: ule mkanda mwembamba unaokuja na darubini utupe, utafute mkanda wa mabegani unaovukana mgongoni, nao utauhamisha uzito wote kutoka shingoni. Kwa mikono, chagua 8x32 au hata 7, keti kwenye kiti chepesi, na uegemeze viwiko juu ya magoti au kifuani. Utashangaa ndege atakavyotulia. Zipo pia darubini za kielektroniki ambazo huhisi mtetemo na kuurekebisha papo hapo kwa kuigeuza njia ya mwanga ndani yake. Ni za bei, nyingi ni nzito kidogo, na betri ikiisha hubaki darubini ya kawaida, lakini kwa mtu mwenye hali yako sijui kifaa kingine kinachorudisha furaha hiyo kwa kubonyeza kitufe kimoja.

*Mhariri, je, kufuta lenzi kwa pindo la shati kuna ubaya? — Mfutaji*

Kuna ubaya, ndugu, na nimeufanya mwenyewe. Vumbi lina chembe za mchanga, na pindo la shati huziburuta juu ya tabaka lile jembamba tulilolizungumzia hadi zichore mistari isiyofutika. Puliza kwanza kwa kipulizio cha mpira, si kwa mdomo wenye mate. Kisha pangusa kwa brashi laini. Na alama ya kidole ikibaki, tone moja la dawa ya lenzi kwenye kitambaa cha nyuzi laini, ukizungusha kutoka katikati kwenda nje bila kukandamiza. Darubini iliyolowa usiifungie ndani ya mfuko wake. Iache ikauke kwenye hewa usiku kucha, na ikishakauka ihifadhi pamoja na pakiti ya jeli ya silika, ambayo hunyonya unyevu ambao kuvu huutaka.